Usimpe Sensei Kikombe: Namna ya Kumtunuku Mwalimu wa Karate

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, Mtwara, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa katibu wa klabu yetu ya karate. Gi za watoto, yaani nguo zao za mazoezi, nazishona mwenyewe kwa marekani nzito, magotini natia kiraka cha ndani mapema kabla hapajatoboka. Basi klabu yoyote huku kwetu ikitaka kumtunuku mwalimu wake huniita mimi, wakidhani shughuli ni vitambaa vya kupambia ukumbi. Vitambaa ndiyo kazi ndogo kuliko zote.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tuliagiza ngao Dar es Salaam, ikaja na basi la usiku, tukaifungua mbele ya mgeni rasmi. Jina la mwalimu limeruka herufi, na chini yake pameandikwa dan ya 4, yaani daraja la nne la mkanda mweusi, ilhali yeye ana ya 3. Mzee aliinama, akapokea, akashukuru. Kesho yake akaja kibandani kwangu na ngao imefungwa kwenye gazeti. "Mwanangu, hii siitundiki. Wenye dan ya nne wataniuliza mtihani nimeufanyia wapi." Nikatamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha chochote, omba kuviona vyeti vyake. Soma mtindo gani, chama gani kilichotoa, nani alimtahini, mwaka gani. Jina linakili kutoka kwenye cheti, wala usiliandike kwa kulisikia. Na cheo usimwongezee kwa mapenzi. Klabu haina mamlaka ya kumpa mtu dan. Ina mamlaka ya kumshukuru, na hayo yanatosha. Mfumo wenyewe wa dan aliuanzisha Jigoro Kano kwenye judo yake aliyoiasisi Tokyo mwaka 1882, na wa kwanza kupewa dan walikuwa wanafunzi wake wawili, mwaka uliofuata. Kwenye karate, Gichin Funakoshi, mwalimu aliyeitoa karate Okinawa akaifundisha Tokyo, alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Kila cheo kina mkono uliokitoa. Ukikitunga wewe, unamvua nguo mtu mzima hadharani.

Sasa, nani atunukiwe? Hapa ndipo wengi hukimbilia mwenye medali. Mimi nafanya hivi: nachukua daftari, nakaa ukumbini siku tatu za mazoezi, na kila mwanafunzi namuuliza mambo mawili. Nani alikufunga mkanda mara ya kwanza? Nani alikufundisha kuanguka? Siulizi nani bingwa. Mwaka juzi majibu yalinishtua. Jina lililojirudia halikuwa la yule tuliyekuwa tumemchapishia bango. Lilikuwa la dada mmoja wa mkanda wa kahawia, anayefundisha watoto wadogo kila Jumamosi asubuhi kwenye mchanga wa Shangani kabla jua halijakaza. Mkanda mweusi hakuwa nao kwa sababu mtihani uko Dar, kilomita zaidi ya 550, na nauli, malazi na ada havikuwahi kukutana mfukoni mwake kwa wakati mmoja.

Kamati ikagoma. Eti mkanda wa kahawia hatunukiwi. Nikawasimulia habari za Keiko Fukuda, mwanafunzi wa Kano, mwanamke aliyekaa miaka mingi kwenye dan ya 5 kwa sababu utaratibu wa wakati ule haukumruhusu mwanamke kupanda zaidi. Hakuacha kufundisha. Alihamia Marekani, na mwaka 2011, akiwa na miaka 98, chama cha judo cha huko kikampa dan ya 10. Nikawauliza: ile miaka yote ya dan ya 5, hakuwa mwalimu? Mzee wetu wa ngao ndiye aliyefunga mjadala. Alisema neno sensei maana yake ni aliyetangulia kuzaliwa, kama sisi tunavyosema mkungwi: hupimwi kwa nguo uliyovaa, unapimwa kwa uliowavusha.

Ukishampata mtu, andika hati ya sifa. Tafadhali usiandike "kwa mchango wake mkubwa katika kukuza mchezo". Hiyo hata mwenyekiti wa harusi anapewa. Rudi kwenye daftari ufuate visa. Tulichoandika sisi ni kwamba alimfundisha mtoto wa muuza pweza kuanguka, na msimu wa korosho mtoto huyo akaporomoka kutoka kwenye mkorosho wa bibi yake kule Nanyamba, akabiringika kama alivyofunzwa, akainuka anapukuta majani. Ukumbi mzima ulicheka, kisha ukanyamaza. Visa vitatu vya namna hiyo vinatosha, ukurasa mmoja. Mpe mzazi mmoja aiangalie kabla ya kuchapa. Wazazi hukumbuka tarehe.

Kuhusu zawadi nina msimamo, na wengine hawaupendi: kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi ya dhahabu usinunue. Wanafunzi wa Funakoshi walichangishana wakamjengea ukumbi, wakauita Shotokan, yaani jumba la Shoto, jina alilotumia kwenye mashairi yake. Sisi ukumbi hatuuwezi, lakini tunaweza makiwara. Huo ni ubao wa kupigia ngumi, kichwa chake huzungushiwa kamba. Kule Okinawa, visiwa vya Japani karate ilikotoka, walitumia kamba ya majani makavu ya mpunga. Hapa kwetu kamba ya usumba inafaa sana, mradi iloweshwe na kukazwa ikiwa mbichi, la sivyo italegea na kuchuna ngozi ya vidole. Ukitaka kitu cha kuweka sebuleni, mchongaji wa Kimakonde atakutolea kipande cha mpingo. Mwambie achonge mkono uliofunga ngumi, si mtu mzima anayeruka. Miguu inayoruka huvunjika kwenye basi.

Siku yenyewe, anza saa kumi alasiri. Afisa michezo wa manispaa mpe taarifa ya maandishi mapema, naye atakupa mgeni rasmi bila wewe kuhangaika. Hotuba zisizidi mbili. Kisha mwache mwanafunzi mdogo kuliko wote acheze kata (mfuatano wa mapigo uliopangwa) ya kwanza aliyofundishwa na huyo mwalimu, akikosea aendelee. Msiweke mabingwa waje kuvunja matofali; watu watakumbuka matofali.

Chapa hati nakala tatu: moja yake, moja ya familia, moja kwenye sanduku la klabu. Ile ya klabu itieni plastiki, mchwa wa Mtwara hawaheshimu cheo.

Dada yetu hakupewa ngao. Tulimpa bahasha yenye nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili na ada ya mtihani, tulizochanga mezani kwangu kidogokidogo tangu msimu wa korosho. Alirudi na mkanda mweusi hauna maandishi, akaniletea nimdarizie jina. Nilimwambia aje na cheti cha kuzaliwa. Nimelihakiki mara tatu kabla ya kutia sindano.