Bolti na skrubu za gari zimepotea au zimekula thredi? Pa kuzipata kwa bei poa hapa Tanga

Nianze na kilichonikuta mwenyewe. Nilipeleka IST yangu gereji moja hapa Ngamiani redieta ikatolewa, bampa ikashushwa na ile kava ya plastiki ya chini ya injini ikafunguliwa, jioni nakabidhiwa gari kila kitu safi. Siku tatu baadae niko njia ya Pangani nasikia kitu kinaburuza chini krrrrr, nikashuka nikalala chini na tochi ya simu, nakuta kava imening'inia, imebaki na skrubu nne tu, mbili kati ya hizo ni zile nyeusi za jipsamu za kufungia dari!! Na bolti ya kona ya bampa imelazimishwa mpaka imekula thredi. Kurudi gereji naambiwa "mzee gari ilikuja hivyo hivyo". Nikaenda duka la spea nikaambiwa seti orijino ni ya kuagiza, na bei niliyotajiwa kwa vibolti kumi ni sawa na kumwaga oili upya. Ndo nikaamua nizitafute mwenyewe, na leo kava yangu ina bolti zote na hela niliyotumia haizidi chai na chapati za watu wawili. Nawaandikia nilivyofanya.

Kitu cha kwanza kabisa ni kuijua bolti yako kabla hujatoka nyumbani. Usiende dukani na maneno "naomba bolti ya IST", utapewa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Gari ina pande mbili, kwahiyo kama ya kulia imepotea fungua ya kushoto mahali hapo hapo, hiyo ndo sampuli yako, mara nyingi zinafanana kila kitu. Ifute oili, iweke mfukoni, ndo uondoke.

Halafu kuna huu mkanganyiko ambao umewapotezea watu hela nyingi. Sisi mtaani tukisema "bolti ya kumi" tunamaanisha inafunguliwa na spana namba kumi. Muuza vifaa vya ujenzi yeye akisikia "ya kumi" anakupa yenye unene wa milimita 10, limdude likubwa haliingii popote. Kwa magari ya Kijapani, ambayo ndo tunayo wengi, hesabu yake karibu kila mara iko hivi: spana 10 unene wake ni milimita 6, spana 12 unene ni 8, spana 14 unene ni 10, spana 17 unene ni 12. Dukani taja unene na urefu, na urefu unapimwa kuanzia chini ya kichwa mpaka ncha, kichwa hakihesabiwi. Ukisema "nipe M6 urefu 20", yaani unene milimita 6 na urefu milimita 20, mwenye duka anakuangalia kwa heshima kabisa na anaenda moja kwa moja kwenye boksi lake.

Sasa thredi, hapa naomba msome taratibu maana ndo pana siri yenyewe. Bolti mbili zinaweza kulingana unene na urefu lakini meno yake yakapishana, ukiilazimisha inaingia raundi mbili inakaza, unaongeza nguvu na spana, tayari umeua tundu. Kupima huhitaji kifaa cha maana, rula ya mwanafunzi inatosha. Ilaze juu ya meno ya bolti uhesabu nafasi kumi kutoka jino hadi jino, zikitimia milimita 10 basi ni thredi ya moja, yaani milimita moja toka jino hadi jino, zikifika milimita 12 na nusu ni thredi ya moja nukta mbili tano. Njia nyingine ni kuchukua sampuli yako na ile mpya uzilaze kifua kwa kifua, meno ndani ya meno, uziinue usawa wa macho uelekeze kwenye mwanga wa mlango. Kama ni ndugu zitakaa kimya hakuna mwanga unaopita katikati. Kama si ndugu utaona vijitundu vya mwanga vinaongezeka kadri unavyokwenda nchani, na ukizisugua zinakwaruzana. Mimi nafanya hivi pale pale kaunta, muuzaji akinuna shauri yake.

Uzuri ni kwamba bolti za unene wa 6 na wa 8 za gari zina thredi ile ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, 6 ni thredi ya moja na 8 ni ya moja nukta mbili tano, kwahiyo hizo utazipata kirahisi sana, tofauti ni kichwa tu, ya duka inaweza kutaka spana 13 badala ya 12. Ubaya uko kwenye 10 na 12. Magari mengi ya Kijapani yanatumia thredi nyembamba ya moja nukta mbili tano kwenye hizo, za dukani kwa kawaida 10 ni moja na nusu, na 12 ni moja nukta saba tano, hazikutani kamwe. Pia jihadharini na za inchi, kuna ile ya tano kwa kumi na sita ya inchi, ukiishika mkononi ni kama M8 kabisa maana unene wake ni milimita 7.9, hiyo ndo iliyoua bolti ya bampa yangu. Sheria yangu saa hizi ni moja: bolti lazima iingie kwa vidole raundi nne tano bila spana, ikigoma naitoa.

Haya tuje kwenye pa kuzipata. Watu wakipoteza bolti ya gari wanakimbilia duka la spea za gari, mimi nakwambia anza na duka la spea za pikipiki. Bodaboda zimejaa mjini na kava za injini za pikipiki nyingi zimefungwa na bolti za M6, urefu wa kila aina, tena nyingi zina kichwa chenye kofia pana chini yake, hazihitaji hata washa. Zinauzwa moja moja au seti na kwa kava za plastiki, fenda, bampa, pleti namba, bakuli la feleta ya hewa zinakaa vizuri mno. Kila ukipita Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba huwezi kosa duka la pikipiki.

Na baiskeli jamani, mji wetu una baiskeli na mafundi baiskeli hawajaisha. Vile vibolti vya kufungia madigadi na kariya mara nyingi ni M5, na M5 kwenye gari utaikuta kwenye vishikizo vidogo vidogo vya ndani na baadhi ya taa. Kuna mzee fundi baiskeli jirani yetu Makorora ana kopo la Blue Band limejaa vibolti, nilimwambia shikamoo nikamuonesha sampuli, akamwaga kopo lote kwenye gunia, "tafuta mwanangu, ukipata chako utanipa ya kahawa". Nilipata vitatu.

Ukitaka orijino kwa bei ya chini nenda wanakokata magari mabovu au wauza skrepa. Bolti zilizotoka kwenye gari ya Kijapani hata kama ni ya miaka ishirini ni chuma cha maana, na hapo ndo utapata zile thredi nyembamba za 10 na 12 ambazo dukani hamna. Usiulize ya IST tu, Vitz, Raum, Corolla, Probox wamechangia vingi sana. Angalia meno yasiwe yamelala, kichwa kisiwe kimechubuka kona, na shingo isiwe imenyongeka, maana bolti iliyovutwa sana inakuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu, hiyo iache. Nyumbani iloweke kwenye mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi piga na brashi ya waya. Na zile klipu za plastiki za bampa na madigadi ya ndani hizo nunua mpya tu, pima kipenyo cha tundu, za milimita 7 na 8 ndo zinatafutwa zaidi, chukua kumi kabisa maana zitavunjika. Ukikosa Tanga, kuna mtu Kariakoo atakununulia atume kwa basi, unachukua stendi ya Kange, ila subiri viwe vingi nauli ya mzigo isizidi bei ya vitu vyenyewe.

Sasa naomba niseme kwa msisitizo: kuna bolti hazitafutwi kwa bei poa. Za kalipa ya breki, za usukani na miguu ya mbele, nati za tairi, za mkanda wa kiti. Bolti ya kazi ngumu imeandikwa kichwani, 8.8 au 10.9, za Kijapani mara nyingi zina namba moja tu kama 4 au 7 au 9, namba ikiwa kubwa chuma ni kigumu zaidi. Ya dukani isiyo na maandishi yoyote ni ya kufungia mageti na viti, ukiiweka kwenye kalipa inaweza kukatika ukiwa unateremka na familia ndani. Hizo toa kwenye gari ya aina hiyo hiyo au nunua orijino, hata kama gari italala siku mbili. Na mkanda wa kiti kwa magari mengi bolti yake ni ya inchi, hata kwenye gari ya Kijapani, kwahiyo usije ukaona M10 inafanana ukaisukumia humo. Stenlesi nayo inavyong'aa watu wanadhani ni ngumu kuliko zote, hapana, ile ya kawaida ni laini kuliko 10.9, faida yake ni kutoshika kutu.

Na kutu ndo adui wetu hapa. Wanaokaa Raskazone na Sahare wanajua, upepo wa chumvi unakula kila kitu, skrubu ya jipsamu haimalizi masika. Kwa vitu vya nje visivyobeba uzito kama pleti namba na kava, stenlesi inafaa sana, ila ikiingia kwenye aluminiamu paka grisi kwenye meno kwanza, kwasababu metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi aluminiamu inaliwa na bolti inagandia humo. Kwa chuma na chuma pia paka grisi kidogo, siku ya kufungua utafurahi.

Kama skrubu kichwa kimechubuka na haitoki, usikimbilie drili. Kwanza safisha ule msalaba wa kichwani na sindano utoe mchanga wote, weka mafuta ya kulegeza kutu uache hata masaa mawili, halafu simamisha bisibisi inayojaa vizuri ugonge kitako chake na nyundo mara tatu nne, ule mshtuko ndo unavunja kutu. Skrubu za Kijapani za msalaba hazifanani kabisa na bisibisi nyingi tunazonunua, ncha inagota kabla haijajaa ndo maana inateleza, isage ncha kidogo kwenye jiwe iwe butu inakaa chini zaidi. Ikiteleza bado, weka kipande cha mpira wa kufungia noti katikati ya bisibisi na skrubu ukandamize kwa uzito wa mwili. Mwisho kabisa chora mfereji kwa msumeno wa chuma ufungue na bisibisi bapa.

Ikiwa tundu ndo limekufa, mpelekee fundi wa kukereza vyuma. M6 iliyokufa kwenye chuma kinene anatoboa na drili ya 6.8 anapitisha tepu ya M8, yaani kile chuma cha kuchonga meno ndani ya tundu, kazi ya dakika chache. Kama hutaki kubadilisha saizi kuna zile springi za kuingiza ndani ya tundu, zinarudisha thredi ya mwanzo na kwenye aluminiamu zinashika kuliko hata ilivyokuwa, ila mwambie kabla hajatoboa maana drili yake ni nyingine. Kwenye sampo ya oili, lile bakuli la chini ya injini, usikubali mtu akufungie nati ya kumwagia oili na tepu nyeupe ya mabomba, itavuja tu.

Saa hizi nikipeleka gari popote naenda na kipande cha boksi la katoni. Nimechora bampa juu yake kwa kalamu, kila bolti ikitoka naitoboza pale pale ilipokuwa kwenye mchoro, ndefu na fupi hazichanganyiki, na fundi akimaliza natazama boksi, likiwa na bolti hata moja bado imechomekwa gari haiondoki.