Stata (demareri) haijibu? Pima rilei kabla ya kununua demareri nyingine

Unageuza ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, injini kimya. Kwa miteremko ya Bukavu wengi huliachia gari litelemke, waingize gia ya pili, liwake. Gari la otomatiki haliwaki hivyo, na lile la gia za mkono litakugomea tena kesho. Usikimbilie kununua demareri. Anza na rilei yake, swichi ya umeme inayoamriwa na ufunguo, kidude kidogo chenye miguu minne.

Mwenzako ageuze ufunguo, wewe weka kidole juu ya rilei. Kwenye Toyota nyingi imo katika sanduku la fyuzi chini ya boneti, na mfuniko umeandikwa ST. Ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka, umeme ni hafifu: angalia betri na vichwa vyake. "Tak" moja na stata ikanyamaza maana yake rilei inavuta lakini huenda haipitishi umeme, ama kasoro iko mbele, kwenye waya au stata yenyewe. Kimya kabisa: koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei, ndio unaoivuta) imekatika au amri ya ufunguo haifiki.

Kwenye multimeta (kipimo cha umeme), betri iliyojaa husoma volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, ichaji kwanza, la sivyo vipimo vyote vitakudanganya.

Sasa chomoa rilei. Miguu yake ina namba: 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme wa betri, 87 huenda stata. Rilei za magari ya Kijapani mara nyingi hazina namba hizo, basi fuata mchoro uliochapwa kwenye ganda. Koili nzima ya volti 12 husoma takriban omu 60 hadi 120. Kisha ipe koili umeme wa betri: itapiga "tak", na kati ya 30 na 87 multimeta isome karibu na sifuri. Hapa mafundi wengi hukosea. Multimeta hupitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo ncha zilizoungua (vyuma vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme) hufaulu mezani halafu zikashindwa garini. Pitishia taa ya mbele ya wati 55 kwenye 30 na 87, kisha pima volti kati ya miguu hiyo miwili taa ikiwaka. Zikizidi 0.2, rilei imekwisha.

Kwenye soketi, tundu la 30 liwe na volti 12 muda wote. Ufunguo ukiwa kwenye kuwasha, volti karibu na hizo zionekane kati ya 85 na 86. Zisipoonekana, rilei haina kosa: kagua fyuzi, swichi ya klachi, swichi ya ufunguo. Kwa otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P. Ikiwaka, swichi ya gia ndiyo mbovu.

Jaribio la mwisho ni kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wa milimita mraba 2.5 wenye fyuzi ya ampea 30. Gia iwe P au nyutro, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe chini ya magurudumu, kwa kuwa hapa kwetu sehemu tambarare ni chache. Usizidishe sekunde 5. Stata ikizunguka, kosa liko kwenye rilei au amri yake. Isipozunguka, fuata waya hadi kwenye stata.

Unaponunua, soma ganda: volti 12, ampea 30 au zaidi, miguu ipangwe vilevile. Za lori za volti 24 hufanana nazo kwa umbo, lakini kwa betri ya 12 zitavuta kwa unyonge au zisivute kabisa. Usipige msasa ncha za ile ya zamani. Utaondoa utando unaozilinda na zitaungua upesi.

Kabla ya kuichomeka mpya, chungulia soketi. Tundu lililogeuka kahawia au kulegea litaichoma nayo, hivyo badilisha kichwa cha waya huo. Pima pia masi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari: stata ikizunguka, volti kati ya chuma cha injini na negativu ya betri zisizidi 0.5. Zikizidi, safisha kebo ya masi na kuikaza, kwani umeme ukipungua koili hushika na kuachia, na kila inapoachia cheche hula ncha.