Kabla Hujahesabu Mapigo ya Mgonjwa

Mama mmoja mtu mzima alipanda ngazi za kliniki na kikapu mkononi, akafika akihema. Nilimshika mkono papo hapo, nikahesabu mapigo 112 kwa dakika. Nikamkalisha kwenye benchi, tukaongea habari za wajukuu. Dakika kumi baadaye nilipata 84. Namba ya kwanza ilikuwa ya ngazi, si ya mama.

Ndiyo maana naanza na mapumziko, na hapa nawasihi msiwe na haraka. Mgonjwa atulie walau dakika tano, na nusu saa nzima awe hajavuta sigara, hajanywa kahawa wala kufanya kazi nzito. Muulize dawa anazotumia: salbutamoli ya pumu huweza kupandisha mapigo, propranololi ya presha huyashusha. Homa nayo huukimbiza moyo, kwa hiyo kipimajoto kiwe karibu.

Saa iwe na mshale wa sekunde, au simu, mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Daftari liwe wazi na kalamu inayoandika. Nawa mikono, na kama ni ya baridi, isugue kwanza ipate joto.

Mkono wa mgonjwa ulale juu ya mto au meza, kiganja kikitazama juu. Weka ncha za kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo, upande wa kidole gumba chake. Gumba lako liache, lina mapigo yake na utajikuta unajihesabu mwenyewe. Ukikandamiza sana mapigo hupotea, ukigusa juujuu huyapati. Tulia hapo mpaka uyasikie vizuri, ndipo utazame saa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mtafutie mapigo upande wa ndani wa mkono, kati ya kwapa na kiwiko. Mapigo yake kupita 100 ni kawaida. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Mapigo yakilingana, hesabu sekunde 30, kisha zidisha namba kwa mbili, inatosha. Yakirukaruka, hesabu dakika nzima. Andika na saa uliyopima, na kama alikuwa amekaa au amelala.

Tena, namba ya dereva iwe kwenye simu yako mapema. Mgonjwa akilalamika kifua kinabana, akikosa pumzi au akizimia, usikae kurudia kuhesabu, mpeleke hospitali.