Maneno ya almasi ya kuelewa kabla hujanunua pete ya uchumba

Ukiingia dukani utarushiwa maneno mengi kwa mpigo, kwa hiyo shika haya kwanza. Karati ya almasi ni uzito, sio ukubwa, karati 1 ni gramu 0.2, ndo maana mawe mawili ya karati 1 yanaweza kuonekana tofauti kabisa, moja pana, lingine limeficha uzito wote chini huko ambako hakuna anayeuona. Karati ya dhahabu ni kitu kingine, hiyo ni usafi, 18 maana yake dhahabu ni asilimia 75.

Rangi inaanzia D, haina rangi kabisa, hadi Z yenye unjano. Dosari zinaangaliwa kwa lenzi inayokuza mara 10, ukiona VS2, moja ya madaraja ya dosari, jua zipo ila kwa macho matupu kwa kawaida huzioni.

Mimi hela ningeiweka kwenye mkato, yaani jinsi jiwe lilivyochongwa, maana ndo unaoleta ule mng'ao, likichongwa vibaya hata liwe D linafifia tu. Halafu omba cheti cha maabara kama GIA, na kama jiwe lina namba iliyoandikwa kwa leza pale ukingoni, ilinganishe na ya kwenye cheti kabla hujalipa.