Neno "coconut": usimpe mgeni dafu naye ataka tui

Mwaka wangu wa mwanzo kutembeza wageni mashamba ya viungo, Kizimbani, bibi mmoja wa Kiingereza aliniomba "coconut milk" ya kutia kwenye chai. Nikamwita mkwezi, akapanda, akaangua dafu, nikamimina maji yake kikombeni. Bibi akaonja, akaniangalia, akakiweka kikombe chini. Kumbe alitaka tui.

Sisi tuna jina kwa kila hatua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, ikikauka mbata. Mwingereza yote hayo kwake "coconut". Basi usilitumie neno hilo peke yake, litafutie mwenzake. Dafu sema "young coconut", na maji yake "coconut water". Nazi ya kukuna ni "mature coconut". Tui ni "coconut milk", na lile la kasimile, zito, "coconut cream". Koroma mie huieleza kwa mikono tu.

Angalia mpangilio. Sisi twasema wali wa nazi, wali ukitangulia. Wao wanageuza: "coconut rice", "coconut oil". Na hapo usitie "s", hata kama sufuria imekula nazi tano.

Kuna na ile "a" ndogo. "A coconut" ni nazi nzima. Bila "a" ni nyama yake, au ladha. Ukisema "I put a coconut in the fish", mgeni atadhani umetumbukiza nazi na kifuu chake mchuzini.

Kifuu ni "shell", kumbi ni "husk". Zile nyuzi ambazo akina mama wa Jambiani huzipata kwa kuzika makumbi pwani, kisha kuyaponda, wakasokota kamba, ni "coir". Neno hilo Waingereza wamelitoa Kimalayalam, India kusini, sawa na "copra", yaani mbata. "Coco" yenyewe ni ya Wareno: sura ya kutishia watoto. Fua nazi, mwoneshe mgeni vile vitundu vitatu, atacheka mwenyewe.

Ila usimwite mtu "coconut" hata kwa mzaha. Kwao ni tusi: mweusi nje, mweupe ndani.

Na mbuzi ya kukunia ni "coconut grater". Mie niliwahi kumkaribisha mgeni "sit on the goat", akageuka nyuma kumtafuta mnyama.