Jinsi ya kutofautisha ipomea, na usianze na rangi ya ua

Watu wakiona ua la tarumbeta la zambarau kwenye fensi, yaani ipomea (mimea ya kutambaa ambayo kitaalamu inaitwa Ipomoea, na ina aina nyingi), wanasema hayo yote ni yale yale, wengine wanayatenganisha kwa rangi tu na rangi ndo inayodanganya kuliko kitu chochote, maana Ipomoea indica inafunguka bluu asubuhi mapema, ikifika mchana imeshageuka zambarau ya kupinkika, sasa wewe ukipiga picha saa moja na mwenzio akapiga saa sita mtabishana bure. Nenda mapema, jua likishakolea mengi yanajifunga.

Anza na jani. Limegawanyika vidole vitano mpaka kwenye kikonyo? Hiyo ni Ipomoea cairica. Limechanika nyuzi nyuzi nyembamba na ua ni dogo jekundu lenye ncha tano, hiyo ni Ipomoea quamoclit. Ukiikuta inatambaa mchangani ufukweni, jani nene lina mkato pale nchani kama kwato ya mbuzi, huo ni mlakasa, yaani Ipomoea pes-caprae, hapo hamna mjadala. Na ile nyeupe kubwa inayofunguka jioni ikanukia usiku ni Ipomoea alba.

Kazi iko kwenye Ipomoea purpurea, Ipomoea nil na Ipomoea indica, kwa sababu zote majani yake yanaweza kuwa ya umbo la moyo au yaliyogawanyika sehemu tatu, hata kwenye mmea mmoja. Hapa geuza ua uangalie nyuma, vile vijani vitano vidogo vinavyoshika ua, yaani sepali. Za purpurea ni fupi, sentimita moja hadi moja na nusu, hazina mkia. Za nil ni ndefu, zinafika sentimita mbili hivi, nchani zimechongoka sana, chini zina vinyweleo virefu vilivyosimama vinavyoonekana bila lenzi. Indica nayo sepali zake ni ndefu ila hazina vinyweleo virefu vilivyosimama kama vya nil. Halafu kagua shina: indica inaota mizizi kwenye vifundo popote inapogusa udongo na mbegu hutaziona mara nyingi, wakati purpurea na nil zinazaa mbegu kwelikweli.

Sasa hili naomba mlichukulie serious. Viazi vitamu navyo ni ipomea, Ipomoea batatas, ua linafanana kabisa na jani lake lina maumbo mengi, kwa hiyo usichume matembele kwenye fensi ya mtu kwa kuangalia jani tu, chuma pale unapojua viazi vilipandwa. Mbegu za nil zinaharisha vibaya sana, kama una watoto wadogo zikusanye kabla maganda ya mbegu hayajapasuka.

Ukitaka kuuliza watu, piga picha tatu: jani zima, nyuma ya ua, na shina pale kwenye kifundo. Picha ya ua kwa mbele peke yake haitusaidii.