Somo: Pima uhusiano wenu kabla ya kwanjula (sherehe ya Uganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi)

Vijana wengi huniuliza, "Huyu ananipenda kweli?" Hilo sina jibu lake. Mimi nakuuliza jingine: ukimwambia hapana, hutokea nini?

Hatua ya 1: Andika matendo. Chukua daftari, rudi nyuma mwezi mmoja. Usiandike "ananijali". Andika "aliahidi kuja Mbale Jumapili, hakutokea, simu akapiga Jumanne." Kama unaogopa kwamba akiliona daftari atakupiga, acha hatua zote hizi, nenda leo kwa mtu mzima unayemwamini.

Hatua ya 2: Kataa jambo dogo. Somo lenyewe liko hapa. Mmesimama Wandegeya, Kampala, mnasubiri rolex, yaani chapati ya mayai, anasema, "Lete simu nione ulikuwa unachati na nani." Mjibu kwa upole, "Hapana, sitaki." Kisha nyamaza umtazame. Mmoja atanuna kidogo, atauliza kwa nini, chapati ikikunjwa mnaendelea na stori. Wa pili atakususia siku nzima, halafu akuambie wapenzi wa wenzake hawafichi kitu. Wa tatu ataipokonya. Kununa si kosa, kila mtu hununa. Kosa ni kukuadhibu mpaka ujute kwa nini ulikataa.

Rudia kwenye pesa: namba ya siri ya pesa za simu ni yako, si ya wawili. Na kitandani vilevile. Aliyekulipia chakula amelipia chakula. Halafu jigeuzie swali: wewe mwenyewe ukikataliwa, unafanyaje? Wengi hapo hujikuna kichwa.

Hatua ya 3: Tazama kinachokosekana. Mwanasaikolojia Robert Sternberg aliandika mwaka 1986 kwamba mapenzi yana sehemu tatu: ukaribu, ashiki na kujifunga, yaani kuamua kubaki na mwenzako. Ashiki haihitaji somo. Ukaribu ndio watu huuruka, wakakimbilia kadi za harusi.

Hatua ya 4: Mpeleke kwa watu. Waganda wana ssenga, shangazi wa kumfunda binti. Mwendee, ila kama kila jibu lake ni "vumilia", tafuta mwingine. Mpenzi anayekutenga na ndugu na marafiki, mwandike daftarini kwa wino mwekundu.

Hatua ya 5: Pimeni VVU pamoja. Vituo vya afya vya serikali hupima bure. Mpime tena baada ya miezi 3, maana maambukizi mapya huweza yasionekane mara ya kwanza.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Arua: Tumeishi pamoja miaka 4. Si tayari ni ndoa?*
Hapana, dada. Sheria ya Uganda haihesabu miaka ya kukaa pamoja. Kuna ndoa ya kanisa, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya serikali. Kama mmenunua kiwanja, angalia jina lako limo kwenye karatasi.

*Wazazi walishapokea ng'ombe. Wanasema nikiondoka lazima warudishwe.*
Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Wazee watanung'unika, na pengine utahitaji mjomba mwenye maneno, lakini sheria iko upande wako.

*Kaka wa Kisenyi: Nikisema sina pesa, anasema simpendi. Mwanaume naye hunyanyaswa?*
Hunyanyaswa, ndugu yangu. Sheria ya ukatili wa majumbani ya 2010 inamlinda mwanaume pia, na inataja hata ukatili wa kihisia na wa kiuchumi. Ila kuomba nauli si ukatili. Mwonyeshe kipato chako chote mara moja, uone kama ombi litabadilika.

*Mdogo wangu ana miaka 16, mpenzi wake ana gari. Nimfundishe hatua hizi?*
Uhusiano huo si wa kupimwa. Mtu mzima kulala na aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Piga 116, simu ya bure ya kulinda watoto, na usimwambie huyo mwenye gari kwamba umepiga.